Wifi, Ile Tulipu Imefunguka

Wifi yangu mpendwa Goreti,

Imefunguka. Naanza na hilo kwa sababu nakujua. Ungesoma mstari wa kwanza na wa mwisho, halafu ungeniambia, "Ya katikati utanisimulia kwa mdomo." Basi imefunguka, Jumanne mchana, jua lilipotoka baada ya siku tatu za mawingu. Rangi yake nitakuambia, ndiyo kazi uliyonipa. Ila kabla ya rangi nina jambo la kukiri, na safari hii utasikiliza mpaka mwisho, maana huna tena treni ya kuwahi.

Barua hii siifungi. Nimemwomba katibu wa jumuiya aiweke kwenye kijarida chetu, waisome watu wa hapa Akalla, wa Tumba, wa Märsta, wote wale waliokuja siku ya kuondoa matanga yako. Siku ile walinipa sifa ambayo haikuwa yangu. Niliipokea, nikashukuru na kuinamisha kichwa kwa unyenyekevu, na tangu siku hiyo nimeibeba kama ndoo inayovuja.

Unakumbuka mara ya kwanza uliponipeleka shambani? Nilikuwa na miezi mitatu tu Uswidi. Nilikuwa nimevaa koti lako la zamani, lile la bluu, na nilikuwa sijazoea kukaa ndani ya nyumba siku nzima kama kuku wa mayai. Ukaniambia, "Twende, nikuonyeshe udongo." Nikaona mistari ya maharage, nikaona lengalenga, mchicha wa kwetu, nikaona vitunguu vimesimama vizuri, moyo ukatulia. Nikasema kumbe huku nako watu wanalima. Halafu kule pembeni, upande wa uzio, nikaona kipande kimejaa changarawe na mawe, kama mtu amemwaga taka za ujenzi.

"Hapa vipi, wifi? Pamekushinda?"

"Hapo ni kanisani," ulinijibu. "Vua viatu."

Nilivua kweli! Nilidhani ni sheria ya Waswidi. Ulicheka mpaka ukashika mti.

Hapo kwenye mawe ndipo yalipokuwa maua yako, tulipu za mwitu. Mimi tulipu nilizozijua ni zile za dukani, ndefu, zenye vichwa vikubwa kama vikombe. Zako zilikuwa fupi kama kidole, zingine zimelala chini kabisa, na jua likijificha zinajifunga kama hazikujui. Nilikuuliza zina faida gani, haziliwi, hazikatwi, haziuzwi. Ulisema, "Faida yake ni kwamba haziniombi kitu." Nilidhani unatania. Sasa nimeelewa kwamba mtu anayeshinda kutwa nzima akiwaogesha wazee wa watu, akiwavalisha soksi, akirudi nyumbani akipigiwa simu na ndugu wa mabara mawili, anahitaji kitu kimoja duniani kisichomwomba kitu.

Lakini mimi nilitaka kukipa. Ule mwezi wa Julai ulipokwenda kumwona dada yako Ubelgiji, kila jioni nilikuwa nazimwagilia maji. Nikaziletea na samadi ya farasi, ndoo mbili, nikiwaza kwamba utarudi ukute zimenenepa. Uliporudi ulisimama pale, mkono kiunoni.

"Wifi, umefanya nini?"

"Nimezitunza. Zilikuwa zimekauka zote."

"Hazikukauka, zimelala! Kwao ni milimani, kiangazi hakuna tone. Wewe ukiwa umelala nikakumwagia ndoo ya maji na mavi ya farasi, utasema asante?"

Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu ulinipikia maharage na ndizi, ukaniita "mganga wa tulipu", na jina hilo likanikaa mpaka leo.

Ile bahasha nayo naikumbuka. Yule bibi wa Kiswidi uliyekuwa ukimhudumia, alipokuwa anahamia makao ya wazee, alikupa bahasha ya kahawia yenye mbegu ndani, imeandikwa nje kwa Kiswidi "tulipu za mwitu" na basi. Ukamwambia hamruhusiwi kupokea zawadi. Akakujibu kwamba hiyo si zawadi, ni kazi. Ukamuuliza zitatoa rangi gani. Bibi akafikiri, akacheka, akasema amesahau kabisa, ila zilikuwa nzuri. Ulinisimulia habari hiyo ukipika, ukaichomeka bahasha nyuma ya picha ya Bikira Maria hapo jikoni, ikakaa hapo mpaka Oktoba.

Oktoba ukazipanda kwenye masanduku ya mbao, ukafunika kwa changarawe, ukaziacha nje. Theluji ikaja ikazifunika. Mimi roho iliniuma. "Umezika watoto wa watu kwenye barafu," nilikuambia. Ukasema bila baridi haziamki, ndivyo zilivyoumbwa, na kama nina malalamiko nimwulize aliyeziumba.

Majira ya machipuko yalipofika, ulinipigia simu nikiwa kazini. "Njoo uone!" Nilikuja mbio na sare yangu ya usafi, nikainama, nikatazama, sikuona kitu. Ulinionyesha kwa ncha ya kalamu. Nyuzi! Nyuzi za kijani, nyembamba kama uzi wa kushonea. Jani moja kwa kila mbegu, na jani lenyewe halina tofauti na nyasi. "Mwaka huu jani moja," ulisema. "Mwakani moja, la upana kidogo. Mwaka mwingine moja tena. Ikiwa na jani moja, usitarajie kitu. Siku ukiona majani mawili, ndipo uanze kuomba." Ukachomeka vijiti vya aiskrimu pande zote, karibu karibu, kama uzio wa ng'ombe. Nilidhani umeviweka kwa ajili yangu, mganga wa tulipu. Nilirudi kazini na hasira zangu.

Baadaye ukazihamishia kule kwenye mawe pamoja na vijiti vyake, na sote tukaweka ubashiri wetu. Wewe ulisema njano, hutaki mjadala. Deo, kaka yako, ambaye hajui hata waridi, akasema nyeupe kwa sababu tu wewe umesema njano. Mimi nilisema rangi ya waridi iliyoiva. Mzee Farhad wa kishamba cha jirani, ambaye utoto wake wote alikuwa akiziona zikiota zenyewe kwenye vilima vya kwao Uajemi, akasema nyekundu, na akasema kwa sauti ya mtu asiyehitaji kubishana. Ukasema, "Tutaona. Sina haraka."

Wifi, hukuwa na haraka, lakini ugonjwa ulikuwa nayo.

Sitaandika sana habari za hospitali. Ulikuwa unachoka, tukasema rozari nusu nusu, wewe unaanza mimi namaliza. Siku ile ya mwisho uliyozungumza vizuri hukuniuliza habari za nyumba wala za vitu vyako. Uliuliza kule shambani kukoje. Nikakuambia majani yametoka, bado moja moja. Ukafumba macho, ukasema, "Utaniambia rangi."

Nikasema, "Utaiona mwenyewe, wifi."

Ukafumbua jicho moja. "Mke wa Deo, usinidanganye mimi. Nimeogesha wazee wengi. Utaniambia rangi."

Nikasema ndiyo. Mbele ya Mungu na mbele ya yule muuguzi aliyekuwa akibadilisha chupa ya maji, nilisema ndiyo.

Sasa ndiyo nafika kwenye ungamo.

Mwaka ulipotimia, tulipanga siku ya kuganduka, kama ilivyo desturi yetu Warundi, watu waondoe matanga na wafiwa warudi katika maisha. Mwanzoni mwa Mei. Ulikuwa umeniachia kishamba, na niliona ni lazima wageni wapite pale waone mahali ulipopenda. Unajua mwenyewe jinsi tulivyolelewa. Mwanamke anapimwa kwa shamba lake. Kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma, mama yangu alikuwa na kipande kisichozidi mkeka, lakini hungeona jani moja lisilo na kazi. Niliwaza, wakija wakute magugu kwenye shamba la marehemu, watasema wifi yake hakumpenda.

Nilichukua likizo siku mbili. Nilipalilia maharage, nikapalilia vitunguu, nikafika pembeni kule kwenye mawe. Tulipu zako kubwa nilizijua, zilikuwa na maua, sikuzigusa. Lakini katikati ya mawe kulikuwa na nyasi, nyembamba nyembamba, zimetapakaa. Vile vijiti vya aiskrimu vilikuwa vimeoza, vimeanguka, nikaviokota kama taka; haraka ya wageni ilinisahaulisha vilikuwa vinalinda nini. Nikapiga magoti kwenye changarawe na nikaanza kung'oa. Moja moja, wifi. Kwa upendo wote. Nilikuwa nasali huku nang'oa. Nilisema Salamu Maria kwa kila jani.

Wageni walikuja, wakapita, wakashangaa. Mama Yuliana wa Tumba alisema mbele ya wote, "Hili ni shamba la mtu aliyependwa. Hakuna hata jani moja la ziada!" Watu wakapiga makofi. Mimi nikainamisha kichwa.

Ilikuwa kesho yake, nikiosha masufuria ya wageni bombani, Mzee Farhad alipokuja. Alitazama pale kwenye mawe, akatazama tena. Akageuza ndoo yake, akaikalia. Unajua yeye na mimi tunaongea Kiswidi cha kuvunja vunja, kila mtu anavunja upande wake.

"Dada," alisema, "watoto wa Goreti wako wapi?"

Nilidhani umri umempata. Goreti hakuzaa, nikamwambia kwa upole. Akanyoosha kidole kwenye changarawe. Wifi, nilielewa kabla hajashusha mkono. Sufuria likaniponyoka. Nilikimbilia lile rundo la magugu, nikaanza kuyapekua kama mtu aliyeangusha pete ya ndoa. Niliona majani tu, yamekatika, mengine hata mzizi hayakuja nao.

Mzee Farhad alichukua moja, akalitazama ncha yake ya chini. "Limekatika," alisema. "Kitunguu chake cha ardhini hakikutoka. Hizi kila mwaka zinashuka chini zaidi, zinatafuta ubaridi. Umezikata nywele. Kichwa huenda bado kipo."

"Huenda?"

"Huenda. Jani ndilo chakula chake. Mwaka huu imelala na njaa. Sasa kazi yako ni kutofanya kazi. Usimwagilie. Usichimbe kutazama. Usiweke mbolea. Usiguse."

Hukumu ngumu kuliko hiyo sijapata kupewa. Ningeambiwa nifunge siku arobaini ningefunga. Ningeambiwa nipande mlima kwa magoti ningepanda. Lakini kukaa tu, mikono mapajani, mbele ya ardhi tupu!

Sikumwambia mtu. Kila nilipokuja kaburini kwako nilikuambia habari za hali ya hewa. Nilikuambia treni imechelewa, nilikuambia mahindi hayakukomaa. Hukuwahi kuniona nimekosa la kusema mbele yako, na pale nilikuwa nahangaika kama mgeni. Hata Salamu Maria, nilipofika katikati ilinikwama, kwa sababu mikono ilikumbuka ilichokuwa ikifanya mara ya mwisho nilipoisali mfululizo vile. Nilimwomba Mungu si ua. Niliona aibu kuomba ua. Niliomba jani tu.

Machipuko yaliyofuata nilikuwa naenda pale kila Jumapili baada ya misa, nikiwa na nguo za kanisani, nalala kifudifudi kwenye mfuko wa plastiki, shavu chini. Mswidi mmoja aliyepita na mbwa aliniuliza kama aite gari la wagonjwa. Na siku moja nikaziona. Nyuzi kumi na moja. Zilikuwa zaidi ya thelathini uliponiachia, lakini zilikuwepo kumi na moja, jani moja moja, nyembamba kuliko mwanzo, kama watoto waliotoka kuugua. Nilikaa pale nikalia mpaka Mzee Farhad akaniletea chai.

Hapo ndipo nilipomwambia Deo. Nilimkalisha mezani, nikamweleza yote, siku ya kuganduka, nyasi, makofi, Mama Yuliana. Nilitegemea anyamaze, unajua kimya cha kaka yako kilivyo. Akaanza kutikisika mabega. Nikajua analia. Kumbe anacheka, wifi! Anacheka mpaka anafuta macho kwa kitambaa cha meza.

"Goreti naye alizing'oa," alisema.

"Nini?"

"Mwaka ule wa kwanza. Lile sanduku la pili. Aliamka akaona nyasi, akapalilia sanduku zima, akafagia na juu. Alipojua, alinipigia simu analia. Akaniapisha nisikuambie mpaka kufa. Sasa sijui ni kufa kwa nani, hakusema."

Goreti! Miaka yote ile! "Mganga wa tulipu", "mganga wa tulipu", mbele ya wageni, mbele ya padri! Na vile vijiti vya aiskrimu nilivyovitazama kwa hasira, kumbe ulijichomekea mwenyewe!

Nilikukasirikia kama dakika tano. Halafu kitu kikashuka kutoka kifuani kwangu, sijui nikielezeje. Kama unapovua koti zito la majira ya baridi siku ile ya kwanza ambayo huhitaji tena. Wewe nawe ulilelewa na mama wa jembe. Wewe nawe hukuvumilia kuona jani lisilo na kazi. Tulikosa kosa moja, mikono ile ile, na wewe ulijisamehe, au angalau ulichomeka vijiti ukaendelea. Jumapili iliyofuata nilikuja kaburini nikacheka peke yangu. Mtu aliyekuwa akipanda maua kaburi la jirani alisogea mbali kidogo.

Mwaka huu, mwezi wa nne, moja katika zile kumi na moja ilitoa majani mawili. Nilikumbuka ulivyosema, nikaanza kuomba. Kisha matatu. Kisha katikati yake kikatokea kitu kama punje ya mchele, kijani.

Hapo wazimu ukanishika rasmi. Unajua paa wa hapa kwetu, wanatoka msituni alfajiri wanakula tulipu kama njugu. Nilifunika kwa chujio langu la tambi. Deo akasema chujio linaleta kivuli, akaenda akang'oa rafu ya waya kwenye friji, akajenga kibanda juu yake, na sasa maziwa yetu yanasimama kwenye bakuli. Mzee Farhad akaleta kiti. Binti yetu Inesi akaja, akatutazama watatu tumekizunguka kidude cha urefu wa kidole, akasema kwa Kiswidi chake cha haraka kwamba sisi si wazima. Kisha akauliza kama anaweza kukaa.

Na kilipopata umbo, wifi, kilikuwa kibaya! Nje kilikuwa cha kijani kilichofifia, na madoadoa ya zambarau, kama chai ya maziwa iliyosahaulika. Siku tatu za mawingu kikakaa vile vile, kimejifunga. Nilijisemea, basi, nitamwambia ukweli, nitamwambia ni rangi ya chai. Ahadi ilikuwa kukuambia rangi, haikuwa kukuambia rangi nzuri.

Jumanne nilitoka kazini saa sita. Nilipofika, jua lilikuwa limetoka dakika chache tu. Ilikuwa imelala wazi kabisa, kama nyota, petali sita zimenyooka kuelekea juani, na nyuki mmoja mdogo tayari yuko ndani anajipaka unga. Nilivua viatu. Sikufikiri, nilijikuta tu nimevivua, nimesimama kwenye changarawe na soksi.

Nikampigia Deo. Alikuja na suruali ya kazi, akachuchumaa, akatazama kwa muda mrefu. Halafu akakaa chini kabisa kwenye mawe, mtu mzima na mvi zake, akasema, "Mwambie nimeshinda nusu. Nusu tu. Asije akasema nimemdhulumu."

Kwa hiyo nimeandika, wifi. Mama Yuliana na wote waliopiga makofi, mmesikia, shamba lile lilikuwa safi kupita kiasi, na Mungu alizificha tulipu chini zaidi ya mikono yangu inapofika. Mwaka huu magugu yamejaa upande ule wa mawe na sitayagusa, mtakaopita mseme mnavyotaka. Goreti, Jumapili nitakuja, na sina habari ya hali ya hewa. Pumzika katika amani ya Bwana, uliyenivalisha koti la kwanza, mkosaji mwenzangu.

Rangi yake ni njano katikati, njano ya kiini cha yai la kienyeji, ikipanda mpaka karibu na ncha. Na ncha zake zote sita ni nyeupe.

Mimi wifi yako, mke wa Deo,
mganga wa tulipu